Panya wa Rafu ya Chini

"Usinililie hapa, mdogo wangu. Machozi yako nimeyafuta tangu hujaota meno, leo siyafuti. Jibu swali. Kesho asubuhi watu arobaini wanaanza kumeza kile kidonge cha moyo, na mimi dada yako ni wa kwanza kwenye orodha. Ulijua kwamba hakikuponya panya hata mmoja?"

"Nilijua, dada."

"Tangu lini?"

"Tangu panya wenyewe wakiwa hai."

Nikamrushia mto. Siku hizi nalala na mito mitatu, maana nikilaza kichwa chini pumzi inanikimbia kama mdeni, kwa hiyo silaha ninazo. Wa kwanza ulimpata kifuani. Wa pili ulikwenda kombo ukaangusha kalenda. Wa tatu niliuzuia mkononi, si kwa huruma, ni kwamba moyo ulikuwa umeanza kupiga mateke na ilinibidi niketi.

Huyu ninayempiga mito ni kitinda mimba wa mama yetu. Mtaa mzima unamwita Mzee Panya, naye huitika bila kinyongo. Kwa miaka ishirini na tisa amekuwa mtunza wanyama katika kituo cha utafiti kilicho nyuma ya hospitali kubwa. Amebakiza miezi minne astaafu.

Alizaliwa mdogo kiasi kwamba mama alimlaza ndani ya kiatu cha baba, na bado pakabaki nafasi ya soksi. Anayebisha akamuulize baba, kama atampata. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni, na nilimbeba muda mrefu hivi kwamba alipojifunza kutembea mgongo wangu ulimlilia. Tangu hapo alikuwa mtu wa huruma isiyo na breki. Walimpeleka kwa fundi viatu, akashindwa kupiga msumari kwenye ngozi kwa sababu ngozi iliwahi kuwa ng'ombe. Walimpeleka kwenye bucha, akazimia kabla hajafunga aproni. Walimpa kazi ya ulinzi ghalani. Mwizi akaja, akamweleza shida zake, na mdogo wangu akamshikia taa wakati anapakia.

Kisha akapata kazi ya kufagia nyumba ya wanyama. Tulimpa wiki moja. Hakutoka tena.

Nimewahi kuingia mle mara moja. Ni chumba kirefu kisicho na dirisha, kina mashine ya hewa inayonguruma mchana kutwa, na rafu za chuma zilizopangwa masanduku ya plastiki yanayoonyesha ndani. Kila sanduku lina panya wawili weupe, limetandikwa maranda ya mbao, na mbele yake limechomekwa kadi. Juu chupa ya maji imepinduliwa, mdomo wake wa bati umeingia ndani kama chuchu. Panya mmoja alinitazama akanyanyua mkono. Nilimsalimu, akaitikia. Sijui kama aliniambia "marahaba", mashine ilikuwa inapiga kelele.

Kazi yake kubwa ilikuwa presha. Hamjui? Panya hupimwa presha mkiani. Wanamwingiza kwenye mrija, mkia unabaki nje, wanauvisha kipete kinachojaa upepo. Shida ni kwamba panya akiogopa presha inaruka, na kipimo kinakuwa takataka. Wasomi wenye vyeti vya kupamba ukuta mzima walikuwa wakiumwa vidole mle ndani. Mdogo wangu alikuwa akimchukua panya kwa viganja viwili, anampuliza puani taratibu, anamwimbia wimbo usio na maneno, na panya anaingia mrijani mwenyewe kama mtu anayeingia kitandani. Hakuna aliyeweza hivyo ila yeye. Mkewe alimwambia siku moja, "Chagua, mimi au panya." Akaomba apewe siku mbili za kufikiri. Mke hakuzisubiri.

Hakuwa na mtoto. Alikuwa na Daktari.

Daktari ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu. Tulimwita hivyo tangu ana miaka sita, alipompasua kuku aliyekufa aone kilichomsimamisha. Mzee Panya ndiye aliyekuwa akimpakia nyuma ya baiskeli kwenda shule na kumrudisha. Shule ikifungwa anampeleka kazini, anamkalisha kwenye kigoda, anampa daftari aandike uzito wa kila panya. Mtoto akakua na harufu ya maranda kichwani. Leo ana digrii tatu na koti jeupe, na anaongoza utafiti wake mwenyewe kwenye nyumba ileile, na bado akimwona mzee anamwita "Babu" mbele ya wakubwa.

Utafiti wenyewe alinieleza hapahapa, kwenye kitanda hiki. Alisema moyo ni nyumba iliyojengwa kwa seli, vijumba vidogo visivyoonekana kwa jicho. Presha ikikaa juu muda mrefu, taarifa inagonga kwenye ngozi ya seli. Ndani kuna protini inayoamka, inamwamsha jirani yake, jirani anamwamsha wa tatu, wa tatu wa nne, mpaka habari inafika kwenye kiini, pale yanapotunzwa maagizo yote. Kiini kikisikia kinaamuru, "Jengeni ukuta!" Basi seli zinanenepa, nyuzi za kovu zinasokotwa katikati yake, na moyo unakuwa mgumu kama kiatu kilicholowa kikaanikwa juani.

"Kwa hiyo ni umbeya," nikamwambia.

"Umbeya kabisa, Bibi. Na mimi namtafuta mmoja tu katika hao wambeya. Yule wa tatu. Nikimziba mdomo, habari haifiki, ukuta haujengwi."

Umbeya naujua. Nilimwelewa kuliko maprofesa. Na bahati ilioje, kulikuwa na dawa ya zamani ya maumivu ya viungo ambayo, kwa mujibu wa vipimo vyake vya kwenye vichupa, ilimbana yule wa tatu kinywa. Haiui mtu, imetumika miaka mingi, ingawa ina ukali wake kwa figo. Ikifaa kwa panya, alisema, haitachukua muda mrefu kufika kwa watu.

Na mimi nilikuwa mtu. Moyo wangu ulikuwa umepigwa picha, na kuta zake zilionekana nene kama za boma. Miguu inavimba hadi jioni viatu vinanikataa. Kutoka kitandani hadi jikoni ni hatua kumi na moja, nami hupumzika kwenye ya sita.

Daktari akachukua panya themanini. Wote wakanyweshwa maji ya chumvi ili presha ipande na moyo unenepe. Nusu yao walikula chakula chenye dawa, nusu kisicho na dawa. Chakula kilikuja kwenye makopo mawili, la njano na la kijani, na masanduku yakawekwa kadi za rangi hizo. Ni mtu mmoja tu, wa ofisi nyingine, aliyejua rangi ipi ni ya dawa. Tena Daktari aliyachanganya masanduku kwa makusudi, njano hapa, kijani pale, juu na chini, ili kama kuna joto au upepo au mkosi wa mahali, uwapate wote sawa.

Mdogo wangu akaja asubuhi, akaona ule mchanganyiko, akasikitika. Ni mtu wa mpangilio. Hata vijiko vyake vinalala kwa urefu. Akaogopa kukosea makopo. Basi akahamisha: njano zote rafu za chini, kijani zote rafu za juu, zimenyooka kama vikombe vya mgeni. Kadi hakugusa, namba hakugusa. Nani angeona kosa? Bega lake ni bovu, halinyanyuki, kwa hiyo rafu za juu akazichukua mwenzake wanayemwita Mrefu. Za chini zikabaki zake.

Hayo nimeyajua leo. Alikuja saa tisa alasiri, akaketi pembeni ya kitanda, akakataa chai. Mdogo wangu kukataa chai! Nikajua kuna msiba.

"Dada," akasema, "kesho usiende. Sema unaumwa."

"Mimi si naumwa kweli? Ndiyo maana naenda."

"Sema unaumwa kingine."

Nikambana. Si mtu wa kubanwa sana. Ukimtazama tu anavuja. Akaniambia kwamba wiki ya tatu ya ile chumvi, panya wa chini walianza kusimamisha manyoya na kuhema kwa tumbo. Alikuwa akiketi nao kwenye kigoda chake, uso kwa uso. Kulikuwa na jike moja lililokuwa likimfuata kwa macho kila anapopita. Akavumilia siku mbili. Siku ya tatu akamwaga maji ya chumvi kwenye sinki, akajaza chupa zao maji ya bomba. Chupa zote za rafu za chini. Kila siku, hadi mwisho.

"Na wa juu?"

"Wa juu walikuwa wa Mrefu. Sikuwafikia."

Basi mioyo ya juu ikanenepa na ya chini ikapona, na ofisi ikafungua bahasha yake: njano ndiyo dawa. Presha ya wale wa chini nayo ilikuwa imeshuka, jambo ambalo Daktari mwenyewe hakulitarajia, kwa kuwa dawa ile haikulenga presha. Akakuna kichwa, akaandika kwamba huenda dawa ina mikono miwili. Mikono miwili! Ni kweli ilikuwa miwili. Ilikuwa ya babu yake, na bega moja bovu.

Siku ile ya matokeo naikumbuka. Daktari aliingia kwa kukimbia, akamnyanyua mdogo wangu juu, mzee mzima, miguu ikaning'inia. "Babu, bila mikono yako presha zisingepimika!" Naye akacheka. Nilimwona kwa macho yangu, akacheka na akaomba sukari zaidi kwenye chai. Mwaka mmoja na nusu umepita. Wataalamu wamekuja, wamekaa mezani, wamepeana mikono. Watu thelathini na tisa wametia saini na mimi nimetia dole gumba. Naye alikuwa amesimama nyuma yangu siku hiyo. Ndiye aliyenishikia kile kidau cha wino.

"Ulinishikia wino!" nikamwambia sasa, na ule mto wa tatu ukaondoka wenyewe.

"Nilidhani watagundua, dada. Kila siku nilidhani kesho watagundua. Wale ni wasomi."

"Wasomi walikuamini wewe, mjinga!"

"Nilifanya kwa huruma."

"Usinitajie huruma. Huruma yako ilikuwa na rafu ngapi? Uliwahurumia panya arobaini, sasa umekuja kunihurumia mimi. Na wale thelathini na tisa? Wako rafu ya juu, siyo? Hujawafikia?"

Akainamisha kichwa. Bomba la jikoni lilikuwa linadondoka na hakuna aliyeinuka kulifunga.

Niwaambie linaloniuma, maana si kidonge. Kidonge sijakimeza. Mimi nimekuwa msimulizi wa uongo tangu nina meno ya utotoni. Nimewaambia watu wa mtaa huu kwamba niliwahi kufukuzwa na mvua ikanikosa, kwamba jirani yangu wa zamani alikuwa akikoroma mpaka vigae vinahama nyumba. Wanacheka, wanasema, "Bibi, njia ya mwongo ni fupi," nami nawajibu yangu ina kona nyingi. Lakini kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa na hadithi moja ya kweli. Nilimsimamisha kila aliyepita: mjukuu wangu amemziba mdomo mbeya wa tatu, na mdogo wangu ndiye aliyewashika wale panya, na moyo wangu utalainika, nami nitapanda ngazi ya duka la juu kwa mguu wangu. Niliisimulia bila kuongeza chumvi. Mara ya kwanza maishani! Mama mshonaji wa nyumba ya nne alilia akamwandikisha mumewe, mwenye moyo kama wangu, kwa neno langu. Hakuamini karatasi za hospitali. Aliniamini mimi.

"Mume wa mshonaji yumo," nikasema.

"Najua."

"Figo zake si nzima."

"Najua, dada. Watampima kila wiki, watamwangalia—"

"Watamwangalia kwa nini? Anameza kitu kisicho na faida ili wewe usione haya?"

"Si mimi!" Hapo sauti yake ilipanda, na sauti yake haipandi. "Mimi ni wa nini? Nimebakiza miezi minne, wakinifukuza leo nimeshafukuzika. Ni yule mtoto. Jina lake liko juu ya ule utafiti. Nikisema, wataufuta. Watasema alishindwa kusimamia mzee mmoja na chupa za maji. Miaka minne yake, dada. Nimempakia kwenye baiskeli yule."

"Na umemwangusha."

"Ndiyo maana nakuomba. Wewe usiende kesho, basi. Majaribio yatakwisha, wataona dawa haifai, mambo yatakufa yenyewe. Dawa nyingi zinafaa kwa panya, kwa watu zinakataa. Hakuna atakayeuliza."

Kumbe alikuwa amelipanga na hili, kwa rangi na kwa urefu. Nikamtazama mtu niliyembeba mgongoni.

"Na kwa nini umekuja kwangu?" nikauliza. "Ungeweza kunitegeshea kitu nisiende. Kwa nini umeniambia?"

Akafuta pua. Akajibu kwa unyoofu wake uleule unaowatuliza panya:

"Nilijua wewe utaweza kuitunza siri hii. Wewe uongo haukusumbui."

Sikuwa na mto mwingine. Hata ningekuwa nao nisingerusha. Kuna maneno yanakukuta umeketi na bado yanakuangusha. Miaka sabini na moja nimechekesha watu, na mwenzangu wa damu, aliyelala kwenye mapaja yangu akisikiliza hadithi zile, alikuwa akiweka hesabu ya aina nyingine kabisa. Hakusikia hadithi. Alisikia mtu asiye na dhamiri.

"Nisikilize," nikamwambia, polepole, maana pumzi ilikuwa ya kukopa. "Nimesema uongo maisha yangu yote, lakini uongo wangu hakuna aliyewahi kuumeza na maji. Ukiusikia unacheka, unakwenda zako, figo zako zipo. Wa kwako una orodha ya majina na saa ya kuanza. Usitufananishe."

"Dada, sikuwa na maana—"

"Ulikuwa nayo. Iache hapo nje niione vizuri."

Akatoka kitandani akaketi sakafuni, mgongo ukutani, kama alivyokuwa akiketi akiwa mtoto amevunja kitu. Nywele zimekuwa nyeupe, zinafanana na za wale wanyama wake. Nilitaka kumchukia moja kwa moja nimalize, lakini kumchukia mtu uliyemfundisha kutembea ni kama kujikuna mgongoni, mkono haufiki panapowasha.

"Daktari anakuja jioni hii kunipima presha kabla ya kesho," nikasema. "Akifika, ama useme wewe ama niseme mimi. Nikisema mimi atadhani ni hadithi zangu, atacheka. Ndiyo faida ya jina nililojijengea. Kwa hiyo ni wewe."

"Sitaweza. Nikimwona usoni sitaweza."

"Wale panya uliwaweza vipi?"

"Wale nilianza na wimbo."

"Basi usianze na wimbo. Anza na neno. Fanya mimi ndiye yeye." Nikajiviringisha shuka kama koti jeupe, nikanyoosha shingo. "Haya. Mimi Daktari nimeingia. Shikamoo, Babu."

Hakucheka. Hata mimi sikuwa nachekesha.

"Marahaba, mama," akasema kwa sauti ya chini.

"Ongeza sauti. Daktari hana masikio ya panya."

Mikono yake ilikuwa wazi juu ya magoti, viganja juu, vile anavyovishika anapotaka kumtoa mnyama sandukuni.

"Mjukuu wangu," akaanza, "nina neno. Si la leo, ni la zamani. Ukiisha kulisikia unaweza kunifukuza, na unaweza kukataa kuniita babu, sitakulaumu." Akasita. "Ule utafiti wako... wewe hukukosea kitu. Andika hivyo, wewe hukukosea."

"Usizunguke," nikasema. "Nenda kwenye chupa."

"Wale wa kadi ya njano. Niliwahamisha wote rafu ya chini, na kuanzia wiki ya tatu ile chumvi hawaku—"

Mlango haukugongwa. Wetu haugongwi na mtu wa nyumbani. Daktari alikuwa amesimama kizingitini, koti lake jeupe limekunjwa mkononi, mashine ya presha imening'inia begani, na mguu mmoja ulikuwa umeshaingia ndani, mwingine ulikuwa bado nje. Alimtazama babu yake sakafuni. Akanitazama mimi na shuka langu.

"Wale wa kadi ya njano wamefanya nini, Babu?"